Ngozi ya Mwisho Katika Chungu cha Gundi

Watu wakianza kukisifia kile kiti cha boma, mimi huondoka. Wanadhani naona haya kusifiwa. Wapi! Ningekuwa na uwezo ningekitia moto.

Nilikuwa seremala wa Mjerumani hapa Songea, baada ya vita vya Maji Maji, askari walipokwisha kuchoma mashamba na maghala, na watu wanachimba mizizi porini. Bwana mkubwa wa boma alitaka kiti chenye mikono iliyopinda. Ukichonga umbo hilo kwenye ubao mmoja, linakatika. Kwa hiyo nilipasua mbao nyembamba nyembamba, nikazilowesha, nikazipaka gundi na kuzipanga moja juu ya nyingine, nikazikunja zote pamoja kwenye kalibu, gogo lililochongwa kwa umbo hilo, na kuzibana mpaka zikauke. Zikishakauka hazinyooki tena. Juu yake unabandika ubao mzuri wa mninga uliopasuliwa mwembamba kama ganda la kitunguu, ili mbao hafifu za ndani zisionekane.

Gundi yenyewe tuliipika kwa ngozi ya ng'ombe.

Mchana mmoja dada yangu mkubwa alinijia karakanani, nje ya ukuta wa boma, kutoka Mfaranyaki, binti yake mgongoni. Nikamwamkia shikamoo. Yeye alikuwa anaitazama ngozi kavu iliyobaki ukutani, moja tu.

"Mdogo wangu, nipe hiyo nikaichemshe. Mtoto hajala, leo siku ya tatu."

Sisi mafundi tulilishwa uji mlemle bomani, askari mlangoni, hata kikombe hakitoki. Sikuwa na kingine cha kumpa. Nikamwambia ngozi ni mali ya boma, nitachapwa viboko. Na kweli ningechapwa. Lakini nisijitakase: mikono ya kiti ilikuwa imeshashikana, imara kabisa. Ngozi ile niliitaka kwa kubandikia mninga tu. Urembo! Ningeweza kusema panya wameila. Ila nilikuwa na kiburi cha ufundi, nikataka bwana mkubwa ashangae.

"Nenda, dada, usiniletee balaa," nikasema, tena kwa ukali.

Akaenda. Nikaikatakata ngozi, nikaitia chunguni. Ilinukia supu, Mungu anisamehe, mate yakanijaa mdomoni. Binti alizikwa kabla sijafungua vibanio.

Dada hakunisema, hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Miaka ikapita, Mjerumani akaondoka, kiti kikabaki. Siku moja niliitwa kukitengeneza mguu, dada akanisindikiza. Alikizunguka, akasimama kwenye mkono wa kulia.

"Ndiyo ile ngozi?"

"Ndiyo, dada."

Akapitisha ukucha pale mninga unapokutana na mbao za ndani, polepole, kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa mpindo, akitafuta pa kuuingiza. Hakupata.

"Imeshika vizuri," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.