Linaliaje?

Mwezi uliopita tulikuwa tukitoka Msambweni, mjukuu wangu akiendesha. Alipokata kona ya kuingia Waa akaniuliza, "Babu, huyasikii magurudumu yanavyolia?" Sikusikia kitu. Nikamwambia, "Yanaliaje? Hebu yaigize," nikamtazama mdomo. Akacheka, akaigiza: ka-ka-ka-ka. Maneno yale ya "hebu yaigize" hayakuwa yangu. Yalikuwa ya jirani yetu wa Bongwe, fundi wa magari, na mimi ndiye niliyemharibia.

Mimi sikusoma sana, mwenzangu, niwie radhi nikizunguka. Baina ya nyumba yetu na gereji yake palikuwa na ua wa makuti tu. Asubuhi harufu ya mkate wa kumimina ilichanganyika na ya grisi, na hadi leo nikiinusa moja naitamani ya pili. Nikishateka maji, nyanya alinituma nimpelekee fundi kipande cha mkate, tena cha moto kuliko chetu. Ya hicho kipande tuyaache. Shikamoo niliyoitoa nikiwa nyuma yake fundi hakuijibu kamwe. Ya mbele aliipokea kwa bashasha.

Magari ya kuvutwa na magurudumu ya mbele yalikuwa bado machache, mafundi wengi wakiyaogopa. Yeye hakuyaogopa. Ukimwambia gari linapiga kelele, alikujibu, "Hata kuku hupiga kelele. Liigize." Basi mtu mzima na ndevu zake alisimama pale akalia kama gari. Ka-ka-ka kwenye kona, jointi ya nje ya shafti imekwisha. Vuuu isiyokoma hata njia ikinyooka, beringi ya gurudumu. Likitetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, jointi ya ndani. Kisha alivua viatu, akapanda, kiganja juu ya dashibodi, nyayo sakafuni, mwenye gari akaendesha mpaka njia kuu na kurudi. Hakukosea.

Siku moja akaja maalim wetu wa chuo cha Kurani na kigari chake, nasi wanafunzi wake tumejaa uani. Kulia kama gari mbele yetu aliona haya. Akavuta ncha ya kilemba, akajifunika mdomo, akaigiza humo humo ndani. Fundi akamkazia macho. Hatimaye akasema, "Beringi."

Sote tulikuwa tumesikia ka-ka-ka.

"Beringi ya wapi, fundi? Nimekwambia ni kwenye kona."

Nikadakia, na Mungu ajua sikuwa na nia mbaya: "Maalim, toa kilemba. Ami fundi hasikii. Yeye hutazama midomo."

Maalim akakishusha kilemba polepole, akaigiza tena, kwa upole kama anayesoma dua. "Jointi ya nje," fundi akasema, bila kuniangalia. Na kweli, alipolifungua, mpira unaoifunika jointi ulikuwa umechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia. Akalitengeneza likapona. Lakini maneno yalifika Ukunda kabla ya adhuhuri. Fundi kiziwi atakijuaje kilio cha gari? Ramadhani ilipoandama, gereji ilikuwa kimya.

Nyanya hakunipiga. Alinikatia mkate, akasema, "Mimi nilijua miaka yote. Mtu humsitiri mwenzake." Neno hilo maalim alikuwa ametusomesha, nasi tulilikariri tu kwa sauti.

Fundi akahamia Wasini kwa dada yake. Kisiwani kule hakuna gari hata moja.

Ua wa makuti haupo tena, na palipokuwa na gereji wanauza simu. Nyanya na maalim wametangulia mbele ya haki. Mjukuu wangu nilimwambia ni jointi ya nje, nikakiacha kiganja changu juu ya dashibodi, nikasikilizia kwa mkono. Kwa nini nilimtazama mdomo sikumweleza, wala hakuuliza. Ila tangu siku ile, akija kunisalimu, huzunguka kwanza akasimama mbele yangu, ndipo anaposema shikamoo.