Neno Nililolipeleka Makambako

Siku yangu ya kwanza hospitalini Njombe, enzi za Mwingereza, niliosha chupa za maabara mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Shule niliiacha darasa la nne, na kazi nilizokwisha kuacha zilizidi madarasa. Pale nilitulia, maana kila kitu kilikuwa na jina, nami nilipenda kuuliza.

Bwana Mganga Mkuu hakuchoka kujibu. Alinionyesha damu iliyoganda kichupani, na juu yake maji ya rangi ya nyasi kavu: seramu. Siku moja nilimwuliza neno alilolipigia mstari katika jarida lake.

“Serotonini. Jina jipya,” alisema. “Seramu, kwa Kilatini, ni maji yanayobaki maziwa yakiganda. Toni, kwa Kigiriki, ni kukaza, kama kamba. Ni kitu kilichomo kwenye seramu, kinakaza mishipa ya damu. Mengine yake bado hatuyajui.”

Hilo la mwisho sikulishika.

Nilipohamishiwa zahanati ya Makambako, chini ya Dresa Mkuu aliyefunga vidonda na kugawa dawa, nilimweleza neno lile kila mgonjwa. Dresa alinitania: “Profesa, fagia kwanza.”

Mchana mmoja, Dresa akiwa ameenda kufuata dawa, mkulima alimleta mkewe kwa machela. Alikuwa amejifungua alfajiri, na damu haikukoma. Lori la kwenda Njombe lilisimama barabarani, injini ikinguruma.

“Kamwene, daktari,” mkulima alinisalimu. “Tumpakie?”

Hakuna aliyewahi kuniita daktari.

“Ngojeni,” nikasema. “Ndani ya damu mna serotonini. Itakaza mishipa yenyewe.”

Lori likaondoka. Jingine lilipita jioni, na mama yule hakufika Njombe akiwa hai. Dresa aliporudi nilimwambia hapakuwa na lori.

Niliacha kazi mwezi ule. Nimezunguka Ludewa, Lupingu, Matamba, kwenye mbao na mashua, nisikae popote mpaka miguu ilipochoka. Vijana wa utabibu wakiniuliza ya zamani, nawaambia neno hujulikana kwa siku moja. Wajiulize pia linaishia wapi.

Juzi nilikutana na yule mkulima mnadani Makambako. Alikuwa na bintiye, yule aliyezaliwa alfajiri ile, sasa mama wa watoto.

“Msalimie,” alimwambia. “Ndiye daktari aliyehangaika na mama yako.”

Binti alipiga goti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimwachia aushike.