Nywele za Mama na Mdomo Wangu

Mama yangu alikuwa msusi. Ukifika barazani kwetu Majengo siku ya Jumamosi, ulikuta viatu vimepangwa kando ya mkeka na wenye viatu wakingoja zamu huku wakisengenya mji mzima. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani Mama alisuka kwa uzi mweusi, basi. Sasa maduka ya sokoni yalijaa rasta za pakiti, mafuta ya chupa za rangirangi, na dawa za kalikiti za kutia nywele mawimbi, zilizonuka mpaka kuku wakahama uani. Wanawake wa maofisini walikuja na picha walizokata kwenye magazeti. Mama aliitazama picha, akamtazama mwenye kichwa, akasema, "Haya, tutajaribu." Nayakumbuka maneno hayo kwa sauti yake kabisa, na harufu ya chai ya tangawizi iliyokuwa ikichemka nyuma yake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa na mdomo. Ndivyo Mama alivyonitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye mwanangu wa mwisho, ana mdomo." Nilidhani ni sifa.

Jumapili ilikuwa siku ya kichwa chake mwenyewe. Aliketi mkekani, mimi nikakaa kwenye kigoda nyuma yake nimfumue. Jumapili moja, nyuma ya sikio la kushoto, nikakuta mahali peupe pa mviringo, papana kama kizibo cha soda, laini kama ganda la yai.

"Mama, huku hakuna nywele."

"Hakuna vipi?"

Nikauchukua mkono wake, nikamgusisha. Akapapasa pote, halafu akaniambia nimsuke hivyohivyo na nipafunike. Haukupita muda yakawa madoa matano, na nyusi moja ikaanza kukatika mwishoni.

Tulidhani ni mashilingi, yale mapunye ya watoto wa shule. Alipaka kitunguu saumu, akapaka dawa ya zambarau, akapaka vitu ambavyo hata mimi sikuambiwa ni nini. Hakuna kilichosaidia. Tabu ilikuwa kazi yake: nani atamkabidhi kichwa msusi mwenye mashilingi? Akawa anafunga kilemba kutwa, anakikaza mpaka paji la uso linavimba, na wateja wakamsifia kwamba kimempendeza.

Mwishowe tukaenda hospitali, mimi na yeye, kwa sababu Baba alikuwa safarini. Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alipakia Kibaigwa akashusha Dar es Salaam, na nyumbani tulimwona kwa nadra. Daktari alikuwa kijana mpole. Alikitazama kichwa cha Mama kwa kioo cha kukuzia, akamfunua kope, akazikagua kucha.

"Haya si mashilingi, mama, wala hayaambukizi," alisema. "Kinga ya mwili wako imepotea njia. Inashambulia mizizi ya nywele ikidhani ni adui. Halafu naona una upungufu wa vitamini. Hapa hatuna kipimo chake, lakini macho na kucha vinaniambia. Kula mboga, maini, mayai. Na asubuhi kaa kidogo juani."

"Daktari, mtu wa Dodoma unamwambia akae juani?"

Wakacheka wote wawili. Alimpa vidonge kwenye kibahasha cha kaki, akasema nywele zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi, asikate tamaa. Njiani Mama alininunulia zabibu. Nilitembea nimejaa majivuno, kwa kuwa nilikuwa nimesikia maneno ya kidaktari na nikayashika.

Jumamosi iliyofuata baraza lilikuwa limejaa. Mama alikuwa amefika katikati ya kichwa cha dada mmoja wa sokoni, akaingia ndani kuipua chai. Dada yule akanigeukia. "Mama yako tulimwona hospitali. Kaambiwa nini?"

Nikasimama kama anayesoma risala. "Daktari kasema ni kinga. Kinga ya mwili. Na ana upungufu."

Nilitaka kuongeza "wa vitamini," lakini Mama alikuwa ametokea na birika, nikaona heri ninyamaze nisigombezwe.

Upungufu. Kinga. Mwili. Redio ilikuwa imewafundisha watu maneno hayo matatu kila siku, na yakikaa pamoja yalikuwa na maana moja tu: ukimwi. Hakuna aliyeshika kikombe. Yule dada akasema amekumbuka kaacha maharage jikoni. Akaondoka na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, akakata soko zima hivyohivyo. Mama alibaki ameshika chanuo akimwangalia.

Jumamosi ya pili walikuja wawili. Ya tatu hakuja mtu. Mume dereva wa lori, mke ananyonyoka nywele, na mtoto wao mwenyewe kasema: hesabu ilijijibu. Mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa. Msichana wa darasani kwetu aliniambia, bila ubaya wowote, kama anayenipa pole, "Mama yako kakanyaga waya." Nilikwenda kujifungia katika choo cha shule nikalia mpaka kengele ikalia. Nilikuwa nimemuua mama yangu kwa mdomo. Nikaapa sitamwambia kwamba ni mimi.

Mama hakutangaza vita na mtu. Jumamosi ya nne alifagia baraza, akatandika mkeka pale jua linapopiga, akaketi akitazama njia. Kisha akafungua kilemba, akakikunja vizuri, akakiweka pajani. Kichwa kikabaki wazi na madoa yake yote.

"Lete mafuta unipake."

"Mama, watu wanapita."

"Ndiyo, wanapita. Na daktari kasema nikae juani."

Nikampaka mafuta ya alizeti, doa moja baada ya jingine. Watu walipita wakisalimia haraka, na yeye akawajibu wote kwa sauti, akawauliza habari za nyumbani mpaka wakashindwa kukimbia. Tulifanya hivyo Jumamosi tatu. Niliona aibu, nikaona uchungu, na chini ya hayo nikamwonea fahari ambayo sijawahi kumwonea mtu mwingine.

Ile ya mwisho akaja jirani yetu, mpiga taipu wa wizarani. Alivua viatu, akajibwaga kati ya magoti ya Mama. "Shoga, nisuke ule mtindo wa twende kilioni. Jumatatu tunapata bosi mpya." Hakuuliza lolote. Mama akanituma sukari, na sukari ilikuwamo. Niliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na upepo siku hiyo haukuwapo.

Nywele zilirudi taratibu, nyeupe kwanza kama pamba, kisha nyeusi. Mama akanenepa. Wateja nao wakarudi mmojammoja, hata yule wa nusu kichwa. Huyo Mama alimsuka kwa kumkaza mpaka macho yakavutika, na akamsindikiza kwa tabasamu.

Mwaka huu nilikuwa naoga nikagusa doa langu, nyuma ya sikio lilelile la kushoto. Siku hizi vipimo vipo. Nilitolewa damu, nikarudishiwa karatasi yenye tarakimu, na daktari, binti mdogo anayeniita mama, akanionyesha kwa kalamu: vitamini D iko chini sana. Akanieleza kuwa wenye shida hii wengi hukutwa hivyo, na kwamba dawa itapandisha vitamini lakini haiahidi nywele. Nilicheka. Nimezaliwa Dodoma, naishi Dodoma, na nimepungukiwa jua, kwa kuwa kutwa nzima niko ofisini nyuma ya mapazia.

Nikaenda kwa Mama. Baraza ni lilelile, ila vidole vyake vimepinda na hasuki tena. Nilikaa kati ya magoti yake nikamsomea karatasi nzima. Aliipapasa ile sehemu kwa kidole gumba, akaagiza mafuta.

"Umeshamwambia nani?" akauliza.

"Sijamwambia mtu, Mama."

"Vizuri." Akapaka, akazungusha kidole polepole. "Siku ukiulizwa, anza na vitamini. Hayo ya kinga yaweke mwisho."

Nikageuka nimtazame, akakirudisha kichwa changu mbele kwa mikono yote miwili, kama alivyowafanyia wateja wake wote. "Tulia," akasema, "sijamaliza."