Kaunta ya Shangazi Aleida

Aleida Verschoor hakuwa shangazi wa mtu, lakini mtaa wetu mzima hapa Schiedam, Uholanzi, ulimwita hivyo. Kwa miaka arobaini na moja alituuzia jenever, pombe kali ya nafaka yenye harufu ya mreteni, na aliringia jambo moja tu: kumimina. Kigilasi alikijaza hadi pombe ivimbe juu ya ukingo, tone lisidondoke. Kukiinua huwezi. Unaweka mikono nyuma, unainama, unavuta funda la kwanza kwa midomo. Meneja wa benki na mbeba magunia, wote waliinama.

"Siku nikimwaga, nafunga mlango," alizoea kusema, na hakuwa mtu wa kutania.

Kisha mwaka mmoja mikono ikaanza kumtetemeka. Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi wateja wa kila siku ndio tuliokuwa kata. Tukaagiza bia tusiyoipenda, ili tu asimimine. Niliogopa, sioni haya kusema. Mjane kama mimi angekwenda wapi jioni?

Jumamosi moja Krijn, fundi wa mapipa mwenye mdomo usio na breki, akajisahau. "Shangazi, bia yako inanijaza gesi tu. Nipe jenever."

Akamimina. Mkono ukaruka, pombe ikatapakaa kwenye kaunta.

"Basi," Aleida akasema, akifungua aproni. "Mmeona wenyewe. Nendeni makwenu."

"Nani kaona?" Krijn akaweka mikono nyuma, akainama, akaanza kuifyonza kaunta.

"Acha uchafu, we mwanamume! Nimepiga sabuni hapo!"

"Ndiyo maana ina povu."

Aleida akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Sikuvumilia. Nikaingia nyuma ya kaunta, nikaichukua chupa. "Pita upande ule, Shangazi."

"Kwa wateja?"

"Miaka yote umetutazama utosi. Zamu yako."

Nikammiminia, nikamwaga kuliko alivyomwaga yeye.

"Mungu wangu, bomba bovu!" akasema. "Kesho uje mapema nikufundishe."

Kisha akaweka mikono nyuma, akainama. Kwa mara ya kwanza nikauona utosi wake, mweupe, nywele zimepungua. Na nyuma yake Krijn alikuwa ameishika mikono ya Shangazi yote miwili.