Vitanda Viwili Katika Meli ya Lualaba

Habari zilinifikia Jumanne kutoka Kasongo: mama muuza mchele, ambaye wengi wenu wasomaji mlinunua kwake bila kujua alikopitia, amefariki na kuzikwa. Mahubiri yalimsifu kwa upole. Mimi nilimjua kwenye meli, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji Kongo, na upole sikuuona.

Siku hizo serikali ilimtoza kodi mwanamke asiye na mume, kana kwamba kukaa peke yake ni kosa. Yeye aliilipa, akapakia magunia yake Kindu, akashuka mto Lualaba kwa meli hadi Ponthierville. Kabini za daraja letu zilikuwa na vitanda viwili, na abiria asiye na mwenzi alichagua: kulala na mgeni, au kulipia vyote viwili. Safari ile alilipia vyote. Alisema amechoka kusikia watu wakikoroma.

Asubuhi ya pili meli ilisimama kupakia kuni, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Mimi, karani wa serikali, nilibaki kabini ya jirani nikiandika barua. Nikasikia ufunguo, kisha kishindo, kisha mwanamke akipigwa. Nilijiambia ni ugomvi wa mtu na hawara wake, nikaendelea kuandika. Kumbe mtunza vyumba, mwenye funguo zote, ameingia kwa muuza mchele. Alimvunja meno mawili. Mwanamke naye alimng'ata sikio, akatema kipande sakafuni. Kapiteni, Mzungu mwenye haraka, alitazama damu, akauliza, “Mwanamuke peke yake mu kabini, alikuwa anangoja nani?”

“Nilikuwa nangoja Ponthierville, Bwana.”

Jibu hilo lilimgharimu. Aliteremshwa palepale penye kuni pamoja na magunia yake. Aliponipita mlangoni aliniambia, bila kupaza sauti, “Karani, huu ubao wa ukuta ni mwembamba. Ulisikia.”

Miezi michache baadaye nilimkuta tena Kindu, meli ileile. Safari hii alikata tiketi ya kitanda kimoja, akapangiwa pamoja na mama mmoja wa kabila la Wabangubangu kutoka Kabambare, mpana wa mabega, anayekwenda kumwona kaka yake. Hawakumaliza hata saa mbili. Mama wa Kabambare alitaka dirisha lifungwe, akidai upepo wa mto utamuua. “Ukikuua, nitapata nafasi,” akajibiwa. Walipigana kweli: vilemba vilichanika, mmoja alitoka damu puani, mwingine aliumwa kidole gumba. Tuliwatenganisha, tukawacheka, wakarudi ndani bila kusemezana. Mama wa Kabambare alipanda kitanda cha juu, akajifunika shuka gubigubi, akageukia ukuta.

Alasiri, joto likiwa kali, mtunza vyumba alikuja na ufunguo wake. Alikuwa na kisasi cha sikio, na alidhani mwanamke yule amelipia vyote viwili kama mwanzo. Alimkaba koo kabla hajainuka. Mama wa Kabambare alimwangukia kutoka juu kwa uzito wake wote. Nilisikia mfupa ukivunjika. Safari hii nilikimbia, lakini nilipofika kazi ilikuwa imekwisha: mwanamume kalala kifudifudi, mkono umepinda vibaya, na wale wawili wanampiga kwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, kwa zamu. Kapiteni alipouliza kisa, mama wa Kabambare ndiye aliyejibu: “Sisi tulikuwa tunagombana, Bwana. Huyu alikuja kutusumbua.”

Kapiteni hakuuliza tena walikuwa wanangoja nani. Bandari iliyofuata aliyeteremshwa ni mtunza vyumba. Dirisha waliligombania hadi Ponthierville.

Baada ya hapo marehemu hakulala tena peke yake melini. Alitafuta mwanamke aliyelala sitahani kati ya mbuzi, akamchukua kabini, na njia nzima alimlalamikia. Kuna wasomaji huniandikia wakiuliza lipi bora kwa msafiri asiye na mwenzi, chumba cha peke yake au cha kushiriki na mgeni, na nimezoea kusifu utulivu wa chumba cha mtu mmoja. Nilisifu kama mwanamume. Utulivu huo ni haki ya kila anayeulipia, lakini hautakuwepo maadamu ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine. Mpaka hapo, dada zetu walale wawili, hata wakichukiana. Nasi tulio chumba cha jirani, tukisikia kishindo, tuweke kalamu chini tufungue mlango.