Mahindi ya Bibi Sabasaba

Tulikaa Temeke, jirani na uwanja wa Sabasaba, lakini shamba la bibi lilikuwa Kimbiji. Alilima mahindi mafupi yanayokomaa upesi. Mbegu alipewa na mama yake, na kila msimu alibakiza ya kupanda. Aliyafunga kwa maganda yake, mawili mawili, akayaning'iniza juu ya mafiga jikoni kwetu. Moshi uliyapaka masizi, na fukusi, wale wadudu wanaotoboa punje, hawakuyagusa.

Zamani Sabasaba ilikuwa sikukuu ya wakulima. Bibi alisimulia kuwa watu walileta mihogo mirefu kuliko mtoto, na mbegu walipeana palepale. Nilipomaliza darasa la saba, uwanja ulikuwa umejaa redio na majokofu. Wakulima wa kwetu walionyesha mazao yao kwenye banda la mwisho, karibu na ukuta.

Mwaka ule masika hayakutupa kitu. Mahindi ya juu ya mafiga ndiyo mbegu pekee tuliyokuwa nayo. Bibi aliyateremsha yote ayapeleke kwenye maonyesho, kisha akataka maji na sabuni.

“Mama, masizi ndiyo dawa yake,” mama alimwambia.

“Nimeanza kuyaning'iniza wewe hujazaliwa. Ila kule kuna majokofu meupe. Mie niende na mahindi ya jikoni?”

Aliyasugua moja moja mpaka yakang'aa. Mimi nilimshikia beseni.

Bandani akaja kijana mmoja mwenye tai. “Bibi, nichomee mawili, na pilipili.”

“Ya mbegu haya, mume wangu. Ya kuchoma kamwambie mkeo.”

Watu walicheka, naye akacheka. Kuhusu mbegu bibi hakuulizwa na mtu.

Tuliyarudisha nyumbani, maganda yakiwa bado na unyevu. Bibi akayaning'iniza tena. Haukupita muda, unga mweupe ukaanza kudondoka juu ya sufuria. Bibi akaongeza kuni mbichi ili moshi uwe mwingi. Macho yalituwasha sote, na unga ukaendelea kudondoka.

Vuli ilipokaribia, alinituma Kimbiji kwa majirani aliowahi kuwagawia mbegu. Wote walikuwa wanapanda ya dukani. Mama mmoja alinitazama kwa huruma.

“Ile tulishaila, mwanangu. Mwambie bibi shikamoo.”

Nikaaga.

Nilimkuta bibi ameshayapukuchua, anapepeta kwenye ungo. Karibu kila punje ilikuwa na tundu. Nilimweleza yote, mpaka ile salamu.

“Marahaba,” akajibu, akaendelea kupepeta.