Koti la Bwana Matthew

Mume wangu, Wekoye wa Malakisi, alikuwa polisi wa kulinda ofisi za serikali. Mimi hapa Matisi na watoto, yeye kule Bungoma getini, jua lake, mvua yake. Watu humwona askari wa geti kama nguzo tu, lakini yeye aliipenda hiyo kazi.

Siku vijana walipovamia ofisi kwa mawe, wenzake walitoroka. Yeye akapanda juu kwa mkubwa, Bwana Matthew, akamkuta chini ya meza. Akamvua koti, akamvisha shati lake la polisi na kofia, akamwonyesha mlango wa nyuma. Mkubwa akamwambia, "Vaa hilo koti langu, afande, usibaki na fulana." Ati huruma. Wekoye akavaa.

Vijana walipoona hilo koti walijua wamempata mkubwa. Walimpiga mpaka Nimo, muuza chai wa hapo nje, akawakemea: "Huyu si ni afande wa geti, bana." Mkono wa kulia wa Wekoye haujanyooka mpaka leo.

Halafu wakubwa wa polisi wakamshtaki yeye. Ati aliacha lindo, akatupa sare, akajificha kwa nguo za raia. Hakuwa na wasiwasi, maana shahidi ni Bwana Matthew. "Mama Wabwile, huyo atasema ukweli," aliniambia. Mtu mzima akasimama, akasema alijiokoa mwenyewe, askari hakumwona hata mmoja. Aone haya ya kujificha chini ya meza, sisi tukose unga. Wekoye akafutwa kazi. Afadhali angemfadhili mbuzi.

Jana Kibiwott, dereva wa mkubwa, alikuja kwetu. "Mama, mkubwa anaulizia koti lake. Ni la harusi yake."

"Na sare ya mume wangu iko wapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Aliichoma siku hiyo hiyo."

Nilishikwa na hasira, nikalichomoa koti chini ya kitanda, na damu ya Wekoye kwenye kola. Sijawahi kulifua. "Mwambie akuje mwenyewe alivae hapa, niwaitie vijana wa Matisi."

Wekoye akainuka, akasimama mlangoni kati yangu na dereva, mkono mzima mbele, vile alivyosimama getini miaka yote. "Mpe tu," akasema. "Usiite mtu."

Bado alikuwa anamlinda mkubwa. Hapo ndipo nilipolia.